Mikidadi Anaanguka Tena

Mimi ni mtani wa mzee Twalibu, kwa hiyo nikimsema vibaya humu msinishangae. Ukoo wetu na ukoo wake, lukolo kwa lukolo kama tunavyosema Waluguru, wametaniana tangu kabla babu zetu hawajashuka mlimani kuja kulima hapa Mlali. Twalibu ana masikio ya kupepea moto. Ana miguu ambayo suruali inaionea aibu. Alipokuwa kijana alipeleka posa nyumba isiyo yake, akakaribishwa, akala wali, akaondoka na ahadi ya binti ambaye hakuwahi kumwona maishani. Hayo nayasema kwa haki yangu. Asiye mtani wake akiyasema, ni matusi, na mimi nitakuwa wa kwanza kumvulia kiatu.

Utani wetu kazi yake kubwa iko msibani. Mtu wetu akifariki, mtani huja bila kuitwa, huingia ndani, huvaa koti la marehemu, hushika bakora yake na kuanza kutembea kama yeye. Hukohoa kama yeye. Huuliza chai kama alivyokuwa akiiuliza, kwa sauti ile ile. Mjane ambaye tangu jana hajameza kitu hujikuta anacheka huku machozi yako kidevuni, kwa sababu amemwona mumewe mara moja zaidi kabla hajafukiwa. Mgeni akituona hudhani tumerukwa na akili.

Twalibu alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Siku za kawaida alisuka matenga ya mianzi ya kubebea nyanya, na huko kwenye matenga hakuwa fundi wa kumsifia. Tenga lake likifika Dar es Salaam limebaki na umbo, ujue barabara ilikuwa nzuri. Lakini mpe koti la maiti! Wazee walikuwa wakisema kwamba ukitaka kujua ulivyotembea duniani, ufe Twalibu akiwa hai.

Rafiki yake mkubwa alikuwa mjomba wangu Mikidadi, kaka wa mama yangu, mkulima wa nyanya na kabichi; ukoo wake ndio wangu, kwani kwetu mtoto hufuata ukoo wa mama. Hao wawili hawakusalimiana kwa heri hata siku moja. Mjomba akipita nyumbani kwa Twalibu alisimama barabarani na kuuliza kwa sauti kubwa kama mchawi ameamka. Twalibu alijibu kutoka ndani kwamba ameamka, na kwamba anatafuta nyama ya mtu mnene mwenye jina la Mikidadi. Kisha walikunywa kahawa pamoja.

Filamu ilianza hapo. Miaka ya elfu mbili mwanzoni, Laurenti, mpiga video za harusi kutoka mjini Morogoro, alikuja msiba mmoja kupiga picha akamwona Twalibu kazini. Alicheka mpaka kamera ikamcheza mkononi. Aliporudi wiki iliyofuata alikuwa na wazo: mtu amekufa, mtani amevaa koti lake na anamwigiza mbele ya waombolezaji, lakini anamwigiza vibaya. Marehemu anakasirika. Anatoka kwenye jeneza, anamfuata mtani nyuma nyuma, anamsahihisha. "Mimi sikutembea hivyo! Nyoosha mgongo!" Na anayemwona ni mtani peke yake, kwa hiyo watu wanamwona Twalibu akigombana na hewa. Filamu iliitwa *Marehemu Kanuna*.

Mjomba Mikidadi ndiye aliyekuwa marehemu. Hawakuwa na kompyuta wala taa. Mzimu ulitengenezwa kwa unga wa muhogo usoni na shuka la mkaza mjomba wangu, anti Mwaisha. Unga ulimwingia puani, na katikati ya picha nzito kabisa, pale anapoliaga kaburi lake, mjomba akapiga chafya. Akapiga nyingine. Twalibu, badala ya kusimamisha kazi, akamwambia, "Umekufa na mafua yako?" Laurenti aliiacha hivyo hivyo, na ndicho kipande watu walichokipenda kuliko vyote. Kanda zilinakiliwa na kunakiliwa kwenye mabanda ya video kuanzia Mzumbe mpaka Kihonda, mpaka picha ikawa chenga tupu na watu bado wanalipa kuingia.

Baada ya hapo mjomba hakupata raha tena barabarani, na alifurahi sana kutopata raha. Watoto walimkimbilia wakipiga kelele, "Mjomba, kufa kidogo!" Naye anakufa. Anaanguka pale pale, kwenye vumbi, hata akiwa na kanzu ya Ijumaa. Twalibu akiwa jirani anakuja mbio, anamvua koti, analivaa, anaanza kutembea vibaya makusudi. Watu wanajaa. Wanasubiri. Mwisho mjomba anafumbua jicho moja, anasema, "Nyoosha mgongo," na kila mtu anaanguka kwa kicheko. Waliufanya mchezo huo miaka na miaka. Kwetu mtu alikuwa hawezi kumwona Mikidadi chini asicheke.

Siku ya mnada, mwaka wa njaa ule mvua za vuli zilipokosa kunyesha, mjomba alikuwa anapanga matenga pembeni ya lori. Akashika kichwa, akaanguka.

Mimi sikuwepo, nilikuwa Kihonda najifunza cherehani. Lakini nimeambiwa na wengi, na wote wanasimulia sawa, jambo ambalo kwetu ni nadra. Hakuna aliyemwambia afe, ila hilo halikumshtua mtu, kwani mara nyingine alikufa kwa hiari yake. Twalibu aliacha tenga alilokuwa anafunga, akaja mbio kama kawaida. Akamvua koti. Mjomba alitoa sauti, na Twalibu akamwambia asikorome, maiti haikoromi. Watu wakacheka. Akavaa koti, akatembea. Akatembea tena, vibaya zaidi, akisubiri asahihishwe. Watu walitoka mpaka upande wa nguo za mitumba kuja kuona. Kuna waliosema baadaye kwamba siku hiyo Twalibu alikuwa mzuri kuliko siku zote, kwa sababu Mikidadi alichelewa kuamka na yeye ikambidi aendelee kubuni.

Aliyeona ni Theresia, mama muuza dagaa. Aliona suruali ya mjomba imelowa. Ndipo akapiga ukunga.

Walimpakia kwenye lori la nyanya. Alikata roho kabla hawajafika mjini. Waliambiwa ni mshipa wa kichwani, na kwamba mtu wa namna hiyo akiwahiwa, pengine. Neno hilo "pengine" ndilo tulilorudi nalo Mlali pamoja na maiti.

Msibani, koti lilikuwa limekunjwa juu ya kiti, na mwenye kulivaa hakuingia. Twalibu alikaa nje, mbali, chini ya ukuta wa jirani, na hakuna mtu wa ukoo wetu aliyetoka kwenda kumwita. Anti Mwaisha alimzika mumewe bila kucheka hata mara moja. Mjomba wangu, mtu ambaye nusu ya wilaya ilimjua kwa kuzikwa kwa vichekesho, alizikwa kimya kama mgeni.

Hatukumshtaki Twalibu. Hatukumwita mchawi, wala muuaji, wala kumwekea kikao. Tulifanya kibaya zaidi: tulianza kumwamkia. Tulimpita barabarani tukasema, "Shikamoo mzee Twalibu, habari za asubuhi," tukaendelea na safari. Kama hamjui utani mtaona ni adabu. Mtani anayekupa shikamoo kavu kavu amekufungia mlango. Anakwambia kwamba kuna jambo la kweli kati yenu, ndiyo maana mzaha hauwezekani. Naye alijua. Aliitikia "marahaba" huku akikutazama mdomoni, anangoja neno linalofuata, na neno halifuati.

Miaka kumi na zaidi ilikwenda hivyo. Aliacha kuwachekesha hata watu wa koo nyingine. Wafiwa walimfuata mpaka mlangoni, akawaambia goti linamsumbua. Alisuka matenga yake mabaya. Makreti ya mbao yalipoingia na matenga yakakosa soko, aliendelea kusuka, akiyarundika nyuma ya nyumba. Anti Mwaisha peke yake ndiye aliyekuwa akisimama kuzungumza naye. Yeye si wa ukoo wetu, ni mke tu aliyeolewa na mtu wetu, kwa hiyo utani haukuwa wake kuurudisha. Aliniambia mara moja, "Nimeshamsamehe, lakini msamaha wangu haumfai kitu. Anataka mmtukane." Nilimwambia hayo ni ya wazee. Wazee nao walikuwa wanakufa mmoja mmoja, bila mtu wa kuvaa makoti yao.

Ndipo akaja Ezekiel.

Alikuwa mwongozaji kijana kutoka Dar, mwenye gari jeupe na kamera ya kuruka iliyowatoa kuku wote wa Mlali mbio. Alikuwa amekubaliana na Laurenti kuitengeneza *Marehemu Kanuna* upya, ya kisasa. Sitasema alikuwa mtu mbaya. Aliamkia wakubwa, alikula ugali wetu na mlenda, na alikuwa ameiona filamu ya zamani akiwa mdogo. Alituigizia ile chafya akapatia. Alimwomba mzee Twalibu amsimulie kila kitu juu ya Mikidadi, na mimi niliyekuwa nimerudi nyumbani wakati huo niliitwa kuwamiminia chai, kwa hiyo nilisikia.

Twalibu alimsimulia yote. Alieleza mnada, koti, sauti aliyoidhani ni mzaha. Sikuwahi kumsikia akiyasema. Alisema taratibu, akitazama vidole vyake, na alipofika kwenye suruali iliyolowa chai yake ilikuwa imeota ngozi. Kisha akaomba jambo moja.

"Mwanangu, mkiitengeneza hiyo filamu yenu, iwekeni hiyo siku. Ila mtani agundue. Akishamvua koti, amtazame usoni, agundue. Awaambie watu wamwinue. Basi. Mengine fanyeni mnavyotaka."

"Hiyo imepita, mzee," Ezekiel alisema, akimshika bega. "Hiyo ndiyo itakuwa moyo wa filamu."

Mjinga wewe Twalibu, ukaamini. Na mimi mjinga wa pili. Kwa sababu nilielewa alichokuwa anatafuta. Alifikiri tukikaa kwenye ukumbi, sisi watu wa Mikidadi, tukamwona mtani akipiga magoti na kumwinua, kitu kitafunguka vifuani mwetu na mmoja wetu atamwambia neno baya. Alimwambia anti Mwaisha, "Safari hii atainuliwa." Alisema kama mtu anayesubiri mgeni kwenye basi. Akanunua shati jipya. Akaenda kunyoa. Nami nikajiambia kimoyomoyo kwamba siku hiyo, wazee wapende wasipende, nitamtukana.

Filamu ilizinduliwa Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa harusi kule Kihonda. Tuliwekwa mstari wa mbele: anti Mwaisha, Twalibu, mimi. Tulivishwa fulana zenye uso wa mchekeshaji wa Dar aliyechukua nafasi ya mjomba, kijana mwenye wafuasi wengi mitandaoni kuliko watu wa mkoa wetu. Twalibu aliivaa fulana juu ya shati lake jipya, kola ikabaki nje.

Nisiwachoshe na filamu yenyewe, inatosha ilivyotuchosha sisi. Mzimu ulikuwa na macho ya kijani na moshi wa kompyuta ukimtoka masikioni. Uliruka juu ya milima yetu, ukapasua mwamba, ukapigana na mganga. Hakuna aliyeelewa kwa nini kuna mganga. Mchekeshaji alizungumza Kiluguru cha kubuni, akibana pua, akidhani ndivyo tunavyosema huku juu. Kila baada ya muda mtu wa kwenye filamu alitoa simu mfukoni na kutuonyesha jina la mtandao wa simu uliolipia tangazo. Chafya waliiweka, lakini ilikuwa chafya ya kutengenezwa, iliyolipua nyumba. Watu walikaa kimya. Nyuma yetu vijana walianza kuongea mambo yao. Nilimwona Ezekiel kando ya ukuta akifuta jasho, nikamwonea huruma kidogo, Mungu anisamehe.

Halafu ukaja mnada.

Nyanya, lori, watu. Mchekeshaji akashika kichwa, akaanguka. Mkono wa Twalibu ukashika mkono wa kiti changu. Mtani akaja mbio, akamvua koti. Nikasema moyoni, sasa. Mtani akavaa koti, akamtazama usoni, kwa karibu, vile vile kama alivyoombwa. Kisha akageukia kamera akakonyeza jicho.

Akacheza. Muziki ukapigwa, mnada mzima ukacheza naye, na kila walipomruka marehemu alitoa ile sauti ya kukoroma, na mtani akamwambia, "Maiti haikoromi!" Maneno yake Twalibu, yale yale aliyoyasema huku chai inapoa. Kamera ikashuka kwenye suruali iliyolowa. Ukumbi ukalipuka. Watu waliokuwa wamenuna saa nzima walicheka mpaka wakapiga viti. Kilikuwa kipande pekee cha kuchekesha katika filamu ile, na kilikuwa kifo cha mjomba wangu, neno kwa neno.

Anti Mwaisha aliinamisha kichwa. Hakuwa amewahi kuambiwa habari ya suruali. Tulikuwa tumemficha miaka yote hiyo.

Twalibu alisimama. Alikwenda mbele, mwanga wa filamu ukampiga mgongoni, wachezaji wakawa wanacheza juu ya fulana yake. Akatugeukia, akainua mikono.

"Mwinueni!" akasema. "Jamani, mwinueni! Haigizi! Mwinueni!"

Kicheko kikaongezeka. Wakubwa walimtambua, ndiye yule mtani wa filamu ya zamani, wakaanza kupiga makofi na miluzi. Simu zikainuka. Mshereheshaji, naye kazi yake ni kuokoa shughuli, akamkimbilia na kipaza sauti. "Mkongwe wetu huyo! Mzee, tufanyie kidogo! Tembea kidogo tukuone!" Twalibu alimtazama kana kwamba amesemeshwa lugha ya watu wengine. Akageuka kwenye pazia la filamu na kuweka viganja pale alipolala yule mchekeshaji, akijaribu kumshika. Wakacheka mpaka wengine wakalia. Kipande hicho ndicho mlichokiona kwenye simu zenu, na ndicho kilichotazamwa kuliko filamu yenyewe.

Tulimtoa nje, mimi mkono mmoja, anti Mwaisha mwingine. Jua lilikuwa bado kali. Tulimkalisha kwenye ngazi, pembeni ya jenereta lililokuwa likinguruma. Ezekiel alitoka akasema, "Mzee, nisamehe, wenye fedha zao walitaka kiwe kichekesho," kisha akaitwa ndani akapige picha, akaenda.

Twalibu hakulia. Alikaa mikono ikiwa juu ya magoti. Ndani walikuwa bado wanacheka.

"Nasra," anti Mwaisha aliniambia. Macho yake yalikuwa mekundu na sauti yake imekauka. "Mtukane. Sasa hivi. Wewe ni damu ya Mikidadi."

Nilijua utani unavyotakiwa. Hauanzi pembeni. Unaingia pale pale panapouma, unalitaja jambo lenyewe kwa jina lake, na kwa kulitaja kwa mzaha unalivunja meno. Nilipiga magoti mbele yake, nikamshika masikio yote mawili kama alivyokuwa akinishika nikiwa mtoto.

"Wewe kizee mchawi," nilisema. "Muuaji wewe. Umemuua mjomba wangu mnadani, hukushiba, umekuja kumuua tena Kihonda."

Alinitazama. Nilingoja anijibu, aseme kwamba mimi ndiye ninayefuata, kwamba sufuria ya kunipikia iko motoni. Alinichunguza uso wangu wote, polepole, toka paji mpaka kidevu, kama mtu anayesoma kibao cha njia akiwa amepotea.

"Hilo ni la utani, mwanangu," aliuliza, "au ni la kweli?"

"La utani, babu! La utani kabisa."

Lakini sikuwa nacheka. Nilikuwa nalia, pua inanichuruzika, mikono yangu bado iko kwenye masikio yake. Aliitoa mikono yangu taratibu, mmoja mmoja, akanirudishia.

"Mimi siwezi kujua tena," alisema.

Kisha akaniitikia marahaba, ingawa sikuwa nimemwamkia, akasimama akaanza kutembea kuelekea kituoni.